Kipepeo wa tarehe 31

Mama Neema (Minneapolis): Shikamooni wakubwa. Naomba ushauri. Neema ameleta karatasi ya shule, tarehe 31 wavae nguo za Halloween. Jioni watoto wa mtaa wanapita nyumba kwa nyumba kuomba pipi. Ameshachagua mbawa za kipepeo. Baba yake hataki, mimi sijui nishike lipi.

Shangazi: Marahaba mwanangu. Usimpeleke. Hiyo ni siku ya mizimu, waipambe wanavyotaka. Nuru na giza vina ushirika gani?

Baba Mkubwa: Marahaba. Dada, tarehe 31 Oktoba ndiyo siku ya Martin Luther na hoja zake 95 za kulikosoa kanisa, Wittenberg, 1517. Sisi Walutheri tunaiadhimisha kanisani kila mwaka. Siku hatujaiachia mizimu.

Shemeji: Shikamooni. Kwetu Wakatoliki ni mkesha wa Watakatifu Wote, na jina Halloween limetoka hapohapo. Tarehe 2 Novemba tunawaombea marehemu, tunawasha mishumaa makaburini. Hakuna anayeabudu kaburi.

Shangazi: Mkesha wa watakatifu una mafuvu? Mwaka jana Mama Neema alituma picha ya nyumba ya jirani, mifupa imetundikwa mtini, jeneza liko kwenye nyasi. Nyie mnasema mchezo. Mimi nilikuwa na miaka saba, babu ananisimamisha nyuma yake penye mimea ya masale, anamwaga pombe ya mbege chini huku anaita majina ya waliokufa. Usiku silali. Nilipookoka niliyaacha yote, sitaki mjukuu wangu afundishwe woga ule.

Mama Neema: Shangazi, hilo hujawahi kutuambia 😢

Baba Mkubwa: Pole dada. Nakumbuka ulivyokuwa unalia. Lakini ulipokosana na wifi yako wa Marangu, ulichuma jani la isale pale pale, ukampelekea kwa mikono yako.

Shangazi: Niliomba kwanza. Na nilikwenda kuomba msamaha, sikwenda kuita wafu.

Baba Mkubwa: Hapo ndipo tunapoelewana. Jani ni lile lile, ulichokwenda kufanya ndicho tofauti. Hata Gutmann, yule mmisionari Mjerumani wa Kilutheri, miaka yote aliyokaa hapa Kidia, alisema ukoo, ujirani na rika visivunjwe, kanisa lijengwe humo humo. Na Paulo aliwaambia Wakorintho nyama ya sokoni wale bila kuulizauliza.

Shangazi: Kaka, soma mpaka mwisho. Alisema pia, ukiambiwa imetolewa sadaka, usile, kwa ajili ya dhamiri ya mwenzako. Mimi ndiye huyo mwenzako.

Baba Mkubwa: Ni kweli. Hapo sina jibu.

Mama Neema: Niwaambie kinachoniuma. Mwaka jana tulizima taa, tukajifungia. Kengele ikalia, ikalia tena. Neema amekaa sakafuni nyuma ya mlango, anawasikia wenzake wa darasani, ananiuliza kwa sauti ya chini, "Mama, wametukosea nini?"

Baba Neema: Shikamooni. Hata mimi usiku ule sikupata usingizi. Ila kumpitisha mtoto kwenye majeneza siwezi. Kuna kanisa karibu na kwetu, jioni ile watu wanapanga magari uwanjani, wanafungua buti, watoto wanazunguka kuchukua pipi. Kutisha hawaruhusu. Hapo nitampeleka mwenyewe. Na tukirudi taa ya nje iwake, anayebisha apewe.

Mama Neema: Baba Neema, mbona hukuniambia tangu asubuhi? Asante 🙏🏾

Shemeji: Hilo ni jema.

Shangazi: Mimi bado nakataa, msije mkasema nimekubali. Ila kama mnakwenda, msitoke bila kusali. Nipigieni tusali wote. Mnaondoka saa ngapi?

Baba Neema: Saa kumi na moja jioni, Shangazi. Huko itakuwa saa saba usiku.

Shangazi: Nitakuwa macho. Mbawa ni za rangi gani?

Mama Neema: Njano.