Nataka kuanza kayaki ya maji makali pale Sagana, nianzie wapi?

Msee_wa_Thika
Wadau habari zenu. Naomba ushauri kwa wale wamewahi. Mwaka jana tulienda Sagana na watu wa kazini tukapanda rafti, ile ya mpira ya watu saba nane, na tangu siku hiyo akili haijatulia. Kuna jamaa alikuwa anashuka kando yetu na kayaki, kale kamtumbwi ka mtu mmoja, ndiye wa kuokoa wanaoanguka, sasa sisi tunapiga mayowe na yeye amekaa tu nyuma ya jiwe katikati ya mto kama mtu anasubiri matatu. Nikasema hiyo ndiyo nataka.

Saa hii kuna mtu ananiuzia kayaki yake, ya plastiki, karibu mita nne na nusu, alikuwa anaitumia ziwani, bei si mbaya. Kuogelea naogelea, si sana lakini nakata pool ya hoteli mara tatu bila kusimama. Sasa, nichukue hiyo kayaki? Naweza kujifunzia mto Tana pale Sagana wikendi, maana kutoka hapa ni karibu tu? Na ni lazima nijue kwanza ile ya kupinduka na kuinuka ukiwa ndani? Niko na miaka 34, mke amesema niongeze bima kwanza ndio tuongee.

Kasia_Kavu
Usinunue. Nakuomba kabisa. Mita nne na nusu ni ya ziwa au bahari, imetengenezwa iende moja kwa moja, na mtoni kazi yote ni kukata kona. Za maji makali ni fupi, mita mbili na nusu hivi, zimepinda kama ndizi ncha zote mbili ziko juu ili zisijizike kwenye wimbi. Hiyo ndefu ikikaa mlalo kati ya mawe mawili mkondo unaibana hadi inajikunja, na wewe miguu iko ndani. Sitaki kueleza zaidi.

Huyo jamaa uliona ametulia, hapo ndipo siri iko. Maji yakigonga jiwe yanagawanyika, halafu nyuma ya jiwe yanarudi juu polepole kujaza lile pengo. Hapo tunaita edi. Mto unashushwa kwa edi, unatoka hii unaingia ile, unapumzika, unaangalia mbele, ndio unaendelea. Na kuingia edi ndiko kunapindua wanafunzi wote, kwa sababu pua ya kayaki iko kwa maji yanayopanda na mkia bado uko kwa yanayoshuka, usipolalia ule upande unageukia utajikuta chini kabla hujajua ulikosea wapi.

Roli, si lori la mchanga, ni hiyo ya kupinduka na kuinuka ukiwa ndani, itakuja na wakati wake, wengine wiki moja wengine miezi. Siku ya kwanza cha lazima ni kutoka. Unavaa ile sketi ya kuzuia maji, inafunika shimo la kayaki, na mbele iko na kitanzi. Ukipinduka unainama mbele, unatafuta kitanzi, unakivuta mbele kisha juu, unasukuma kiuno unatoka kama unavua suruali. Inasikika rahisi sivyo? Mimi nilipinduliwa kwa pool ya mita moja na nusu, pahali ningesimama wima, na bado nilianza kuvuta sketi kwa pembeni, kitanzi nilikisahau kabisa, maji yote puani, nikajua leo ni leo. Nilipotoka nikamuuliza mwalimu nimekaa chini dakika ngapi. Akasema sekunde nne.

Na angalia kitanzi kiko NJE kabla hujasukumwa kwa maji. Kila mara. Hata ukiwa umeshuka mto miaka kumi.

JinjaKwetu
Mimi ni Mkenya lakini niko Jinja, Uganda, mwaka wa sita sasa. Bro njoo huku. Nile ni mto mkubwa, maji mengi, ya vuguvugu, na kwenye rapidi nyingi, pale maji yanapochafuka kwa kasi, ukimaliza unatokea kwa maji yaliyotulia, sasa ukipinduka unaogelea juu ya kina, hugongwi na jiwe kila mita mbili kama hapo Sagana. Waalimu wako, unakuja siku nne tano unalala kwa banda unakula rolex asubuhi, hiyo ya chapati na mayai, na kayaki unapewa ya saizi yako. Ukitaka kununua yako, mitumba pia huwa inapatikana huku, wageni wanakuja nazo wanaziacha.

Cha kusikitisha mto umepunguzwa. Bujagali yenyewe, ile maporomoko kila mtu alikuwa anakuja kuona, ilizama bwawa lilipojaa, umeme ukaanza 2012. Halafu bwawa la Isimba nalo likazinduliwa 2019, likameza marapidi mengine ya chini. Rapidi ya Itanda bado iko, lakini hiyo wewe utaiangalia ukiwa juu ya mwamba ukinywa soda.

Kitu kimoja watu hawasemi ni kichocho. Konokono wake wanapenda maji yaliyosimama pembeni kwenye majani, kwa hivyo usikae ukiota jua miguu ikiwa kwa matope. Dawa ni praziquantel, lakini usimeze siku unarudi nyumbani, ngoja wiki sita hadi nane ndio ishike wadudu wakiwa wamekomaa. Ongea na daktari.

Nyawira_wa_Mtoni
Hawa watu wa Jinja kila swali jibu ni Jinja 😂 Maji mengi ni sawa lakini yakikushika yanakukalisha chini zaidi pia, useme ukweli. Mimi nilijifunzia Tana, na yale mawe ndiyo yamenifundisha kusoma maji. Kwa ugumu wa maji, sehemu ya juu ni daraja la 2 na la 3, katikati panatulia kabisa, ni pa mafunzo hapo, halafu chini kunakuja daraja la 4 na zaidi na hapo mwanafunzi anabeba kayaki begani anatembea. Na hakuna aibu kutembea, mimi bado natembea.

Lakini Thika, kujifunzia Sagana si kwenda peke yako na kayaki juu ya probox. Nenda na watu wa pale pale wanaoushuka kila wiki. Huo mto unatoka Mlima Kenya na Aberdare, mvua inanyesha huko juu usiku na wewe uko kwa jua Sagana hujui chochote. Sisi tukifika kitu cha kwanza ni kuchomeka kijiti mahali maji yanaishia kwenye mchanga. Siku moja tumekunywa chai tu, hata mandazi hayajaisha, kijiti kiko ndani ya maji karibu shubiri nzima na rangi imegeuka kutoka ile ya chai ya rangi hadi ya maziwa, vijiti na majani yanapita kwa kasi. Tukafunga vitu tukaenda kula samaki. Kuna mmoja alinuna njia yote ati tumepoteza mafuta ya gari bure.

Kwa hivyo Aprili na Mei utakuwa mwangalifu, na Novemba pia. Mto Mathioya wakati wa mvua usiufikirie hata, huo unateremka bila pa kupumzika.

Kingine, ukiona kizuizi cha zege kimekatiza mto, vile vya kuchotea maji, na maji yanamwagika vizuri sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo, shuka utembee. Kinaonekana kidogo lakini chini yake maji yanazunguka yanakurudisha ukutani, hakuna mlango wa kutokea. Naogopa vizuizi hivyo kuliko maporomoko yanayonguruma. Miti iliyoangukia mtoni pia, maji yanapita wewe hupiti.

Na ukitoka kwa kayaki lala chali, miguu mbele juu ya maji, USISIMAME kama bado yanakimbia. Mguu ukinaswa kati ya mawe, maji ya mapajani tu yanakulaza kifudifudi.

Mpare_Halisi
Wakuu samahani naingilia, mie nipo Moshi, huku kwetu je? Nimeangalia mto Pangani pale chini ya bwawa la Nyumba ya Mungu naona kama panafaa, na kayaki naweza kuazima.

Nyawira_wa_Mtoni
Kaka Mpare, Pangani ina mamba. Ukipinduka huko shida yako si maji. Uliza wavuvi wa hapo kabla ya kuuliza sisi, na wakisema hapana usibishane nao.

Mpare_Halisi
Duh. Basi shukrani dada, nitakuja Sagana kama mtalii.

Msee_wa_Thika
Narudisha majibu. Kayaki sikununua, jamaa amekasirika kidogo lakini nimemnunulia lanchi. Nimeongea na watu wa Sagana, wakaniambia nianze na pool, sasa jana nimeshinda huko.

Kasia_Kavu nilisoma maneno yako mara tatu usiku, kitanzi, kitanzi, kitanzi. Nikapinduliwa. Nikakipata kitanzi mara moja, nikavuta, sketi ikafunguka safi kabisa, halafu nikabaki nimekaa pale chini kichwa chini nimekishika kitanzi kwa mikono miwili nikingojea sijui nini. Hakuna aliniambia baada ya hapo inabidi utoke! Mwalimu akapiga kayaki ngumi mara mbili ndio nikakumbuka niko na miguu. Ya pili na ya tatu zilikuwa poa, ya nne nikatoka na kasia mkononi.

Jumamosi tunaenda ile sehemu iliyotulia, edi tu, hakuna rapidi. Kuna mtu ana helmeti ya kuazima? Za pale zote zinanibana, kichwa changu ni kikubwa kidogo.

Kasia_Kavu
Niko nayo, nyekundu, imekwaruzwa lakini haina ufa. Nicheki inbox.