Mama anatoka Mwanza kwenda Muscat kupitia Dar: saa mbili za kubadili ndege zinamtosha?

Mwana wa Igoma: Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri. Mama yangu ana miaka 67, hajawahi kupanda ndege, na anakwenda Muscat kumwona dada aliyejifungua. Tiketi ya Dar–Muscat dada ameshalipa: Jumatano, 04:15 hadi 10:35. Mimi natafuta ya Mwanza–Dar, nimepata nafasi Jumatano hiyohiyo, 12:40 hadi 14:10. Mwisho wa kulipa ni leo usiku. Atatua saa nane mchana, aondoke saa kumi na robo. Zitamtosha? Halafu Dar–Muscat ni kama kilomita 3,970, na ndege hukimbia zaidi ya 800 kwa saa. Mbona tiketi inaonyesha saa sita na dakika ishirini? Inatua njiani?

Kipepeo wa Pwani: Tiketi huandika saa ya mahali unapotua, na Oman wako mbele yetu kwa saa moja. Itoe hiyo, zinabaki saa tano na dakika ishirini. Humo mna kuzunguka uwanjani kabla ya kuruka, kupanda na kushuka, kwa hiyo ukigawa kilomita kwa mwendokasi hupati saa kamili. Hata Mwanza–Dar, angani ni kama kilomita 850 tu, lakini hesabu saa moja na nusu.

Baba Zawadi: Kaka, usilipe kwanza! Itazame tena hiyo 04:15. Ingekuwa jioni ingeandikwa 16:15, kama ile ya Mwanza ilivyoandikwa 14:10. Hiyo ni saa kumi na robo alfajiri. Mama akitua Dar mchana, ndege yake imeshafika Muscat zamani.

Shangazi wa Tabora: Baba Zawadi, Mungu akubariki. Mwanangu, hata ingekuwa jioni, saa mbili ni chache mno. Ndege za ndani ziko Teminali 2, za nje Teminali 3, si mwendo wa mama mwenye mabegi. Na tiketi zikikatwa mbalimbali anachukua mzigo mwenyewe na kuanza foleni upya. Ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina wajibu wa kumsubiri. Mama mkwe wangu yalimkuta, akabaki kwenye benchi kashika pasi mkononi, na nauli ikapotea yote. Mwombee kiti cha magurudumu siku mbili kabla. Hata kama anatembea vizuri, mhudumu atamfikisha mpaka mlango wa ndege.

Mwana wa Igoma: Mikono inanitetemeka, nilikuwa nimeshaandika namba ya malipo. Nimehamisha hadi Jumanne, 12:40 ileile. Atapumzika kwa binamu Tabata, saa saba usiku awe uwanjani. Nimempigia, nikamwambia ni usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano. Kaelewa papo hapo, akasema: "Basi dagaa wa dada yako niwaanike kesho."