Hii mifumo ya serikali inasomana lini? Kiwanda kinakwama kwa kiambatisho!

Wakuu, heshima kwenu. Nina kiwanda kidogo cha kukamua alizeti huku Singida. Mashine mbili, vijana sita, mashudu (makapi ya mbegu zilizokamuliwa) tunawauzia wafugaji. Mimi si mtaalamu wa TEHAMA, nimevurugwa tu.

Nilikuwa nahuisha kibali. Mfumo ukataka cheti cha usajili. Cheti chenyewe kimetolewa na mfumo mwingine wa serikali hii hii, kina QR yake, ukikimulika na simu kinajieleza chote. Nikakipakia. Siku nne baadaye ombi limerudi: "Kiambatisho kithibitishwe." Haya. Nikaenda steshenari nikakiprinti, nikakipeleka kwa wakili akagonga muhuri (na muhuri haugongwi bure, mnajua), nikarudi steshenari wakakiskani. Faili likazidi ukubwa unaotakiwa. Kijana akalibana, akalibana, mpaka muhuri ukabaki kama doa la mafuta. Nikatuma. Juzi limerudi tena: "Kiambatisho hakisomeki."

Yaani kitu kilichozaliwa kwenye kompyuta kimelazimishwa kuwa karatasi ili kirudi kwenye kompyuta kikiwa kibovu!

Na msiniambie uwezo hakuna. Sheria ya Serikali Mtandao tunayo tangu 2019. eGA, yaani Mamlaka ya Serikali Mtandao, wana mfumo wa GovESB, kazi yake ni kuiwezesha mifumo ya serikali kubadilishana taarifa. Mkakati wa uchumi wa kidijitali wa 2024 mpaka 2034 huo hapo. Wimbo wa "mifumo isomane" tumeusikia mpaka watoto wanauimba. Ila kila ofisi ina tozo yake, na mwenye tozo yake hataki kushea dirisha na mwenzake. Huo ndio mtazamo wangu, anayebisha aje.

Maana tazameni kisichokwama. Namba ya malipo inatoka hapo hapo, hata saa nane usiku, hata sikukuu. GePG, mfumo wa malipo ya serikali, tangu 2017 imetupunguzia foleni na risiti za kuchonga, hilo nalipongeza bila kinyongo. EFD, mashine za risiti za kodi, tunagonga tangu 2010. Kwenye kupokea hela serikali yetu ni ya kidijitali kweli kweli. Ukishalipa, sasa unaanza kusoma "jaribu tena baadaye".

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hayo yote yanaishia getini. Wakisema mapinduzi ya kidijitali ya viwanda, mimi nawaza mashudu yangu. Ukiyachukua yakiwa ya moto ukayafinya, kiganja kinang'aa mafuta. Hayo ni mafuta niliyoyanunua kwa mkulima na sasa yanaliwa na ng'ombe wa mtu. Nikiwa na kipimo cha unyevu wa mbegu na mita ya umeme kwa kila mashine, ningejua tatizo ni mbegu, ni mashine au ni umeme mdogo. Sasa hivi tunakadiria kwa kutafuna punje. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mbegu zinagandia ndani, vijana wanafungua kwa spana na kuchokonoa nusu saa. Kuna mfumo gani wa serikali unaoniuliza habari hizo? Yote inaniuliza TIN, namba ya mlipakodi. Mara ngapi sijui, nimeacha kuhesabu.

SIDO, shirika la viwanda vidogo, ipo tangu 1973 kwa ajili ya watu wa saizi yangu. Wapeni fungu watukopeshe vipimo na watufundishe kuvisoma, kuliko kutuzindulia mfumo mwingine wenye neno la siri la herufi kumi na mbili.

Wakitaka wanaweza. 2019 usalama wa chakula ulipotolewa TFDA (mamlaka ya chakula na dawa ya wakati huo) ukapelekwa TBS (shirika la viwango), mlango mmoja ulifungwa na sisi wasindikaji tukapumua. MKUMBI, mpango wa serikali wa kuboresha mazingira ya biashara, ilituahidi milango mingine itafuata. Tunasubiri.

Sasa msaada wakuu: nani ombi lake limewahi kurudishwa kwa "hakisomeki" na akapenya? Ulibana faili kwa programu gani? Kibali kinaisha Ijumaa na nina magunia yanapigwa na jua nje.