Wazabuni wakipika, wapishi wa jeshi wanabaki na ujuzi gani?

Kuruta_Mpya: Wakuu, jeshi likimpa mzabuni kazi ya jikoni, askari si anapata muda zaidi wa mazoezi? Hasara iko wapi?

MpishiMstaafu: Hasara utaiona medani, mkuu. Marekani ilianzisha LOGCAP, mpango wa kuwapa wazabuni wa kiraia kazi za ugavi na huduma za jeshi, mwaka 1985, na kule Iraki mabwalo makubwa yakaendeshwa na wazabuni. Mpishi wa jeshi akabaki kuhesabu wanaoingia na kukagua usafi. Sasa mpeleke porini: awashe jiko la mafuta gizani, apime klorini kwenye maji, alishe kombania nzima, kisha afunge kila kitu wahame. Hayo yanakaa mikononi, na mikono isiyoyafanya inasahau. Nimepokea masajini ambao hawajawahi kupanga mlo wa watu mia. Iliniuma sana, maana wao ndio walitakiwa kuwafundisha vijana.

Kuruta_Mpya: Basi wazabuni waondolewe wote?

MpishiMstaafu: Hapana. Kwenye kambi kubwa iliyotulia wapike tu. Ila kila kikosi kiwe na zamu zake za jiko la medani, tena za mara kwa mara.

Bi_Ugavi: Naunga mkono. Na raia wa mkataba anaweza kuacha kazi akaondoka. Askari hawezi.