Tripodi nyepesi ya safari kwa bajeti ndogo: nichukue ipi kati ya hizi mbili?

Mtembea Milima

Salaam, ndugu zangu wapiga picha. Naomba ushauri wenu kuhusu tripodi ya safari, yaani stendi ya miguu mitatu ya kusimamishia kamera. Natumia kamera isiyo na kioo cha kuakisi ndani yake (mirrorless) pamoja na lenzi ya milimita 24 hadi 105, ambazo kwa pamoja zina uzito wa kilo 1.3 hivi, na picha ninazozipenda zaidi ni za maporomoko ya maji, machweo na anga la usiku. Kwa kuwa huwa natembea siku nzima nikiwa na mkoba mgongoni, ikifika jioni kila gramu huwa naihisi.

Fedha nilizo nazo hazitoshi kununua ya nyuzi za kaboni, kwa hiyo nimebaki na mbili za alumini. Ya kwanza ina kilo 1.1, kila mguu una vipande vitano, na ikikunjwa hubaki sentimita 32. Ya pili ina kilo 1.6, vipande vinne kwa kila mguu, na ikikunjwa hubaki sentimita 42. Zote mbili zimeandikwa kwamba zinabeba kilo 8 na kwamba zinafika kimo cha sentimita 145. Ikiwa kimo ni kilekile na uwezo ni uleule, kuna sababu gani ya kujitwika nusu kilo zaidi?

Fundi Lenzi

Ndugu, hizo kilo 8 usizitegemee sana. Hakuna kipimo kimoja kinachowafunga watengenezaji wote, na mara nyingi namba hiyo hueleza tu mzigo ambao tripodi itaubeba bila kuporomoka, ilhali wewe unatafuta tripodi isiyotikisika. Kamera yako haiwezi kuivunja hata hiyo ndogo. Linalobaki kujiuliza ni kama itatulia kwa sekunde 6 ambazo kamera inapiga picha moja, huku upepo wa maporomoko ukiipiga.

Kwangu mimi, cha kutazamwa kwanza ni unene wa mabomba ya miguu. Ukichukua mabomba mawili yenye kuta za unene sawa, moja la milimita 28 na jingine la milimita 22, lile la kwanza ni gumu kupinda takriban mara mbili ya la pili, ingawa kwa macho tofauti yake ni ndogo. Na kwa kuwa kila kipande lazima kiingie ndani ya kile kilichotangulia, mguu wenye vipande vitano huishia kwenye kijibomba chembamba kinachokaribia penseli. Niliwahi kumiliki moja ya namna hiyo. Nilipiga mto kwa sekunde 6, maji yakatoka laini kama hariri, lakini mawe, ambayo hayakuwa yamesogea hata kidogo, yakatoka na kingo mbilimbili. Kwenye kioo kidogo cha kamera cha kutazamia picha sikuliona hilo. Nililiona nyumbani, safari ikiwa imekwisha.

Jambo jingine: uliza kimo bila nguzo ya katikati, ile inayopandishwa kati ya miguu ili kuinua kamera. Nguzo ikipandishwa hadi juu, unakuwa umesimika mguu mmoja juu ya mitatu.

Mkoba Mwepesi

Ninamheshimu Fundi Lenzi, lakini sikubaliani naye moja kwa moja. Tripodi imara iliyoachwa nyumbani haijawahi kumsaidia mtu, nami nimeziacha nyumbani mbili. Hiyo ndogo inaweza kufanya kazi nzuri usipokivuta kile kipande chembamba cha mwisho. Utapiga picha ukiwa umepiga magoti, na kwa maporomoko ya maji hiyo si hasara, kwa sababu kamera iliyo chini huonyesha mawe ya mbele vizuri zaidi. Tundika mkoba wako kwenye ndoana iliyo chini ya nguzo, ila hakikisha unagusa ardhi kidogo, maana mkoba unaobembea hewani huleta mtikisiko badala ya kuuondoa. Kisha weka kipima muda cha sekunde 2 ili kidole chako kisiwe chanzo cha picha kuharibika.

Mpenda Nyota

Wote wawili wamesahau kichwa, yaani sehemu ya juu inayoshika na kugeuza kamera, na kwenye tripodi za bei nafuu kichwa ndicho huchoka kwanza. Kaza kichwa cha tufe (kinachogeuka kwa mpira ndani yake) kamera ikiwa imeinamishwa, lenzi ikiwa imevutwa hadi milimita 105, kisha tazama kioo: ikiwa picha inashuka kidogo baada ya kuachilia mkono, itakusumbua kila siku. Ukiwa na lenzi ya milimita 24 unaweza kupiga nyota kwa takriban sekunde 20 kabla hazijaanza kuacha michirizi, na muda wote huo kichwa hakiruhusiwi kuteleza hata unywele. Hakikisha pia kwamba kichwa kinaweza kufunguliwa na kwamba bamba lake la kufungia kamera ni la mtindo wa Arca-Swiss, unaotumiwa na watengenezaji wengi, ili siku ukipata fedha ubadilishe kichwa peke yake na miguu ubaki nayo. Ikiwa bajeti inabana, tafuta iliyotumika. Miguu ya tripodi haizeeki haraka kama kamera.

Mtembea Milima

Nashukuru sana. Leo nimekwenda kuzishika zote mbili. Bila nguzo, ile ya kwanza inafika sentimita 112 na ya pili 127, jambo ambalo halikuandikwa popote kwenye boksi. Nilifunga kamera yangu, nikakuza picha kwenye kioo mara 10, nikagonga mguu kwa kidole. Ile ya vipande vitano iliendelea kutetemeka nikahesabu hadi nne. Ya vipande vinne ilitulia kabla sijafika mbili. Kichwa cha ya pili kilishuka kidogo sana, na kinafunguka. Nimeichukua hiyo ya kilo 1.6, na ili kufidia nitapunguza vitu vingine mkobani. Je, kuna lolote la kuangalia kabla ya safari ya kwanza?

Fundi Lenzi

Umepima vizuri kuliko wengi wetu tulivyofanya. Kwa picha za muda mrefu, zima kidhibiti mtikisiko cha lenzi na cha kamera, kwa kuwa baadhi yake hutafuta mtikisiko usiokuwepo na kuuleta wenyewe. Ukisimama majini, vuta kwanza vipande vya chini ili vifungo vya juu vibaki vikavu. Ukishapita kwenye mchanga au maji ya chumvi, suuza miguu kwa maji baridi yasiyo na chumvi, vuta vipande vyote na uviache vikauke kabla ya kukunja. Chembe moja ya mchanga ndani ya kifungo cha kuzungusha utaisikia ikisaga kila unapokaza.