ATP 129 au 106? Tumekwama kwenye asidi ya palmitiki

Ngamiani_Brb10
Habari za jioni wakuu. Tunajisomea bayokemia hapa Tanga. Kitabu cha zamani kinasema asidi ya palmitiki moja (asidi ya mafuta yenye kaboni 16) ikichomwa mwilini inatoa ATP 129, yaani sarafu za nishati za seli, kipya kinasema 106. Mimi nikipiga hesabu napata 112! Tena mwenzetu anashikilia kwamba mafuta ya nazi hayahitaji karnitini (mbebaji wa asidi za mafuta) kuingia mitokondria, vinu vya nishati vya seli. Nani mkweli?

Kimeng'enya
112 yako najua ilikotoka. Umeona kaboni 16, ukagawa kwa 2, ukaandika mizunguko 8 ya kukata, tena hukutoa gharama ya kuiamsha asidi. Muwa ukiutaka vipande 8, panga linashuka mara 7. Basi mizunguko ni 7, asetili-koA (vipande vya kaboni mbili) ndizo 8.

Kila mzunguko una hatua nne: FAD (mbebaji wa hidrojeni, kama NAD) inachukua hidrojeni, maji yanaingia, NAD inachukua hidrojeni, kisha koenzaimu A inakata kaboni mbili. Unavuna FADH2 moja (FAD iliyobeba hidrojeni, ATP 1.5) na NADH moja (NAD iliyobeba hidrojeni, 2.5), jumla 4. Mara 7 ni 28. Asetili-koA 8 zikimaliziwa kuchomwa kwenye mzunguko wa Krebs, kila moja ATP 10, ni 80. Hapo una 108. Toa 2 za kuiamsha asidi mwanzoni, yaani kuiunganisha na koenzaimu A: 106.

Kitabu cha zamani hakijakosea hatua. Kilihesabu FADH2 kwa 2, NADH kwa 3 na asetili-koA kwa 12: 35 + 96 − 2 = 129. Kwenye mtihani tumia viwango vya kitabu mnachofundishiwa, ila usichanganye vya vitabu viwili.

Mkwezi
Kuhusu nazi, mwenzenu ana robo ya ukweli. Asidi za kaboni 8 na 10 hupenya bila karnitini na kuamshwa ndani kwa ndani. Lakini kwenye mafuta ya nazi hizo ni chache. Karibu nusu ni lauriki, kaboni 12, ambayo iko mpakani. Zilizobaki nyingi ni za kaboni 14 kwenda juu, na hizo lazima zibebwe na karnitini.

Mlango huo wa karnitini hubanwa na malonili-koA, inayoongezeka mtu akila wanga. Aliyefunga anachoma mafuta kwa wingi alasiri. Akishafuturu uji wa sukari na tende, uchomaji unashuka.

Ngamiani_Brb10
Shukrani wakuu. Ila kwenye kuamsha naona ATP moja tu imetumika. Kwa nini tunatoa 2?

Kimeng'enya
Kwa sababu ATP hiyo haishii kuwa ADP (kupoteza fosfati moja), inashuka hadi AMP (kupoteza mbili). Kuirudisha AMP kuwa ADP kunadai ATP nyingine. Na gharama hiyo inalipwa mara moja tu kwa asidi nzima. Wengi huitoa kila mzunguko, wakabaki na 94.