Je, jamii ndogo ina haki ya kuifungia mlango dini ya wageni?

Naomba tulijadili kwa utulivu shauri lililoamuliwa mwaka 1998 na Mahakama ya Katiba ya Colombia. Waarhuaco, wenyeji wa milima ya Sierra Nevada de Santa Marta, walikuwa wamewakataza wahubiri wa Kipentekoste kuingia katika ardhi yao, na kanisa hilo, pamoja na Waarhuaco waliokwisha kuokoka, likashtaki likidai uhuru wa kuabudu. Mahakama iliamua kwamba viongozi wa jadi wanaweza kuwazuia wahubiri wa nje, na hata ibada za hadhara ndani ya eneo lao, ila hawawezi kumwadhibu mtu kwa sababu ya imani yake peke yake.

Sehemu kubwa ya uamuzi huo naikubali. Kwa Waarhuaco dini haikai ndani ya jengo wala haina siku yake ya juma. Theluji ya vileleni, ziwa, mto na jiwe ni viungo vya mwili mmoja, na anayelima au kukata mti huongozwa na mamo, ndiye kuhani wao, kutoa malipo madogo, kama nyuzi za pamba au makombe ya baharini, kufidia alichokichukua. Anayeyaacha malipo hayo, kwa mtazamo wao, hakubadili dhehebu tu. Amewaachia jirani zake deni. Tena wana kumbukumbu: mwaka 1916 waliiomba serikali walimu, wakaletewa mapadri Wakapuchini, yaani watawa wa Kikatoliki, ambao waliwakataza watoto lugha yao na kuwakata nywele, hadi jamii ilipowaondoa mwaka 1982. (Aliyeomba mwalimu akaletewa padri ana haki ya kumtilia shaka mgeni anayefuata.)

Kinachonisumbua ni Mwarhuaco aliyezaliwa pale pale. Mhubiri akizuiwa hurudi mjini kwake, lakini huyu hana kwingine pa kwenda, na kumruhusu aamini moyoni huku akikatazwa kukusanyika na wenzake ni kumpa nusu ya uhuru, maana Mpentekoste huabudu kwa kukusanyika. Najua nitajibiwa kwamba ardhi ni ya wote na walio wengi wameshaamua. Basi anayeutetea uamuzi mzima anieleze: mtu akitoa malipo yote kwa mamo, akashiriki kazi zote za kijiji, kisha jioni akaimba tenzi na jirani zake wawili watatu, amemdhuru nani?